Shangazi, nimesema "sawa" kwa maneno nisiyoyaelewa, sasa nadaiwa hapa Mwaloni

Shangazi shikamoo.

Natumaini hujambo na kazi zinaenda. Mi mzima wa mwili ila akili haijatulia ndo maana nakuandikia.

Kwetu ni Korogwe, nimeolewa huku Mwanza, tunakaa Kirumba. Mume wangu ni fundi rangi, kazi zake ni zile za leo ipo kesho haipo, kwa hiyo tulikaa tukakubaliana na mimi nishike kitu, na kwa vile soko la Mwaloni liko hapo hapo jirani nikaingia kwenye dagaa. Nachukua pale, napepeta, nauza kwa vipimo mtaani na nyingine naweka kwenye basi zinaenda Korogwe dada yangu anazipokea. Biashara naipenda Shangazi, mtaji ndo mdogo lakini naipenda. Kinachonitesa ni lugha ya pale.

Na usidhani nasemea Kisukuma. Kisukuma sikijui na hakinisumbui, mtu akiongea namwambia sijakupata, yanaisha. Shida ni Kiswahili. Mi mtoto wa mkoa wa Tanga, Kiswahili kwetu ndo cha kuamkia na kulalia, sasa fikiria unasimama mbele ya mtu anaongea Kiswahili kitupu, kila neno ulishawahi kulisikia mahali, na bado hujui kakwambia nini. Halafu wote mliozunguka pale wanaitikia kwa kichwa. Na wewe unaitikia.

Juzi kati dalali mmoja niliyezoeana naye alinifuata akaniambia, nakuandikia kama alivyosema mwenyewe: "Mama, mzigo wa Ukerewe umeshuka, wa kichanja huo sio wa mchanga, nakupa mali kauli hata usihangaike na hela, lumbesa sikuwekei maana siku hizi wanasumbua, cha juu changu kiko humo humo, utanirejeshea giza likiisha." Nikamjibu sawa kaka. Akanipakilia viroba nikaondoka navyo, nimefurahi kweli kwamba leo nimeaminiwa.

Mvua zikaja mfululizo. Viroba viwili vikashika unyevu vikiwa kwangu ndani, vikaanza kunuka, nikaishia kumpa mfuga kuku kwa bei ya kutupa. Vingine juu viko safi kabisa ila nilipofika chini nikakuta mchanga, wateja wakanirudishia na maneno juu. Sasa mi kichwani nilijua mali kauli maana yake kisichouzika kinarudi kwa mwenyewe, na nilijua giza likiisha ni mwisho wa mwezi. Kumbe kaja mapema, anataka hela yote, na juu ya ile bei aliyonitajia kaongeza kitu kwa kila kiroba, anasema hicho ndo cha juu, uliambiwa ukakubali. Sasa hivi akipita pale ninapokaa anaongea kwa sauti kwamba watu wa kuja hawaaminiki. Naona aibu mpaka natamani nihamie soko lingine.

La pili, wamama ninaokaa nao wameona nimekwama, wananivuta kwenye kikundi chao wanachukua mkopo, wenyewe wanauita kausha damu halafu wanasema lakini yetu sio ile mbaya. Marejesho kila wiki, mi nitawadhamini wenzangu na wao watanidhamini, "ni kuandika jina tu". Wanasaini Jumatatu. Mume wangu nikimuuliza ananiambia we kubali tu utazoea.

La tatu ni dogo ila linaniuma. Kwa mama mkwe kila nikienda kuna neno jipya. Alinituma matobolwa nikaleta michembe, wifi yangu akacheka mpaka akakaa chini. Nimeanza kutafuta sababu za kutoenda.

Shangazi naomba unielezee haya maneno taratibu kama unavyomwelezea mtoto. Na lile deni nalipa lote? Nisaini? Na nikisema niwe nauliza uliza pale sokoni si ndo watazidi kuniona mshamba wanipige zaidi?

Ni mimi mwanao,
Mgeni wa Mwaloni

*

Marahaba mwanangu.

Naanza na swali lako la mwisho maana ndo limebeba mengine yote. Uliza. Uliza pale pale mzigo ukiwa mbele yenu, kabla kiroba hakijapanda begani kwa mbebaji. Anayepigwa Mwaloni ni yule anayeitikia kwa kichwa, na madalali wanamjua kwa macho tu. Waangalie wanunuzi wanaotoka Kongo kuja kuchukua dagaa na kayabo hapo, watu wanaobeba mzigo wa kujaza gari, Kiswahili chao cha Lubumbashi na cha kwetu haviko sawa, wanauliza neno kwa neno, wanataka kuona mzani, wanarudia bei mara ya pili na ya tatu, na sijawahi kusikia mtu akiwaita washamba. Wanapewa viti. Kwa hiyo, hiyo aibu unayoibeba itue, sokoni haikusaidii chochote.

Na hayo maneno hakuna aliyekaa akayatunga ili akuchanganye wewe wa Korogwe. Yamezaliwa na kazi. Chukua sangara. Yule samaki hakuwa wa ziwa hili la Victoria, aliletwa kuanzia miaka ya 1950, akazaana, furu, wale samaki wadogo wa asili ya hapa, wakaisha isha kwa kuliwa, baadaye vikaja viwanda vya minofu hapa Mwanza. Kiwanda kinatoa mnofu unapanda ndege kwenda Ulaya, kinabaki kichwa na mgongo na mkia. Hicho kilichobaki watu wanakinunua, wanakikausha, wanakikaanga, na kitu kinachouzwa lazima kiwe na jina, ndo yakawa mapanki. Ndani ya huyo huyo sangara kuna kile kifuko cha hewa, hicho ni bondo, na mabondo yakikaushwa kilo yake inaipita mbali kilo ya nyama, yanaenda China na huko Asia. Akipasuliwa akapigwa chumvi akaanikwa anaitwa kayabo. Samaki mmoja majina yote hayo, kwa sababu kila kipande kina mnunuzi wake na hela yake. Kwa hiyo ukisikia neno geni Mwaloni jua nyuma yake kuna hela, na kama hujalielewa, hiyo hela inaweza kuwa yako. Ndo maana nakwambia uliza.

Sasa tuichukue ile kauli ya dalali wako tuivunje.

Kichanja. Ni ile meza ndefu ya miti na nyavu iliyoinuliwa kutoka chini, dagaa wakitoka ziwani wanamwagwa juu yake wakauke, hewa inapita juu na chini. Wa mchanga ni wale wanaomwagwa chini ufukweni. Wa kichanja ni ghali zaidi na ana haki ya kuwa ghali, ni msafi na anakauka haraka. Lakini neno kichanja kila muuzaji analisema, hata mwenye dagaa wa mchanga mtupu, kwa hiyo usinunue neno. Fungua kiroba, ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, chota wa chini kabisa, wale wa juu waache. Weka kwenye kiganja, sugua, halafu puliza. Kama kuna mchanga utauona umebaki kwenye mistari ya kiganja. Chukua dagaa mmoja mkunje, mkavu anakatika unasikia, mwenye unyevu anajikunja tu kama kamba. Angalia na rangi, anayefaa anang'aa ile rangi ya fedha, akishaanza kuwa wa njano njano au kahawia mwache alipo. Nusa. Hivi vyote havikuchukui hata dakika tano, na dalali akikasirika kwa sababu umeingiza mkono kwenye kiroba basi kiroba hicho kina siri.

Mali kauli. Hapa nakaa kidogo maana ndo palipokuumiza. Mali kauli ni kuchukua bidhaa bila kutoa hela, kwa kauli yako kwamba ukiuza utaleta. Kariakoo ipo, kwenye nguo ipo, kwenye vitenge ipo, na kwenye dagaa ipo sana kwa sababu mwenye mzigo anataka stoo yake iwe tupu kabla mtumbwi mwingine haujashusha. Ni kitu kizuri, watu wengi wenye maduka leo waliinuliwa na mali kauli, sikukatazi. Ila neno lenyewe linasema kitu kimoja tu, kwamba hela inakuja baadaye. Halisemi kisichouzika kinarudi au hakirudi. Halisemi bei ikishuka katikati unalipa ya lini. Halisemi mvua ikiharibu ni hasara ya nani. Hayo yote kila mtu anayajaza kichwani kwake mwenyewe, wewe ulijaza la kwako dalali akajaza la kwake, wote mkasema mali kauli na kila mmoja akaondoka na mkataba tofauti. Na wengi pale sokoni ukiwauliza watakujibu kwamba ukishachukua ni wako, kimeoza kimepona ni juu yako, mpaka muwe mmesema vingine mapema.

Lumbesa haina mambo mengi. Ni gunia lililojazwa likazidi, linaongezewa kofia juu linashonwa, mkulima anauza kama gunia moja kumbe ni gunia na zaidi. Utaisikia sana kwenye viazi, vitunguu na mkaa. Sheria ya vipimo hairuhusu, mazao yaliyofungashwa mwisho ni kilo 100, na hao anaosema wanasumbua ni Wakala wa Vipimo. Kwa hiyo alikuwa anakwambia sikuongezei. Sawa, ila angalia ni kitu gani hakikutajwa kwenye sentensi yote ile: kilo. Kiroba ni mfuko tu mwanangu, kinaweza kushindiliwa kinaweza kuachwa kimelegea. Hata sadolini unazopimia mtaani, ile kopo ya rangi ya lita nne, wewe mwenyewe unajua ikigongwa chini dagaa wanashuka na ikijazwa bila kugongwa wanabaki wamesimama juu juu. Dai mzani, na mzani uwe na stika ya vipimo.

Cha juu ni hela anayoongeza mtu wa katikati juu ya bei ya mwenye mali. Mwenye dagaa kasema elfu kadhaa, dalali anakutajia na ya kwake ndani. Hiyo ndo kazi yake, amekutafutia mzigo, asile nini, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni kwamba alikwambia cha juu changu kiko humo humo. Humo humo kwa Kiswahili chochote, cha Korogwe au cha Mwanza au cha Lubumbashi, ni ndani ya ile bei aliyoitaja. Hawezi leo kuja kuongeza kingine kwa kila kiroba halafu akakwambia ulikubali. Hicho ulichokubali kilikuwa ndani.

Giza likiisha. Hili usingeweza kulijua kama hukukulia pembeni ya maji. Dagaa wa ziwa hili wanavuliwa usiku kwa taa, zamani zilikuwa karabai tupu, siku hizi taa za sola zimeingia nyingi. Taa inawavuta dagaa wanakusanyika. Mwezi ukiwa mkubwa maji yote yanang'aa, dagaa hawaifuati taa, wavuvi wengi wanavuta mitumbwi wanapumzika, wanashona nyavu. Kwa hiyo mwezi wa dagaa unakatika vipande viwili, kuna siku za giza ambazo mzigo unashuka na bei inalegea, na kuna siku za mbalamwezi ambazo mzigo unakuwa adimu bei inapanda. Giza likiisha ni pale mwezi unapoanza kukua angani, na huo haufuati kalenda ya ukutani. Alikuja mapema kwa hesabu yako, kwa hesabu ya ziwani huenda alikuja siku yake kabisa. Hapo simlaumu. Na wewe chukua hiyo elimu uitumie, nunua giza likiwa limekolea, kausha vizuri, weka, uza mbalamwezi.

Sasa deni.

Ulichukua mzigo, mkataba wa mdomo nao ni mkataba, sheria zetu zinautambua, kwa hiyo usije ukaambiwa na mtu kwamba kwa vile hamkuandikiana hudaiwi. Unadaiwa. Vile viroba viwili vilivyolowa kwako ndani ni vyako, lipa, hata kama vinauma, vilikuwa mikononi mwako na hamkuwa mmesema kisichouzika kinarudi. Vya mchanga chini ni habari nyingine. Alikwambia kwa mdomo wake kwamba ni wa kichanja sio wa mchanga, na sheria ya mauzo ya bidhaa inasema kitu kikiuzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo. Kama bado unavyo hata kimoja usikimwage, usikipepete, kiache vile vile kiwe ushahidi. Hivyo vya mchanga ulivyonavyo mrudishie, au mkae mpunguze bei mpaka iwe ya dagaa wa mchanga. Na ile ya cha juu aliyoiongeza usilipe hata shilingi.

Usiende peke yako. Mchukue mmoja wa wale wamama ambaye anajua dagaa, na mume wako kama hana kazi siku hiyo, nendeni asubuhi kwa uongozi wa soko, soko lile lina viongozi na wameshasuluhisha makubwa kuliko hilo. Nenda na hela ya ile sehemu unayokubali kwamba unadaiwa, uitoe pale pale mbele yao. Mtu anayekuja na hela mkononi akasema hii nakubali, ile sikubali na sababu hii hapa, habari ya watu wa kuja hawaaminiki inakatika siku hiyo hiyo.

Na kuanzia leo usichukue tena mzigo kwa sauti tupu. Mkishaongea toa simu yako hapo hapo umtumie meseji, kitu cha namna hii: "Kaka, nimechukua dagaa wa kichanja viroba kadhaa, jumla kilo kadhaa, kilo moja shilingi kadhaa na cha juu chako kiko ndani, nalipa tarehe fulani, kiroba kikiwa na mchanga kinarudi, kikilowa kwangu ni changu. Naomba unijibu." Weka namba na tarehe halisi badala ya hizo kadhaa zangu. Safari hii neno sawa aliandike yeye. Hiyo meseji ni ushahidi, Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inaupokea ujumbe wa simu. Ila hata bila mahakama, ukimlazimisha mtu aone maneno yake yamegeuka kilo, shilingi na tarehe, mengi mtakayokuja kugombania yatajitokeza pale pale mkiwa bado mnaongea vizuri. Akikataa kujibu meseji, mzigo uache.

La mama mkwe nalipitia haraka maana halina ubaya. Viazi vitamu vikikatwa vibichi vikaanikwa ni michembe, vikichemshwa kwanza ndo vikaanikwa ni matobolwa, na kwa macho mtu wa kuja lazima achanganye, wifi yako anajua hilo. Nyumbani neno usilolijua halina hela nyuma yake, hakuna wa kukupiga, kwa hiyo kule uliza ovyo kabisa, uliza hata linalokuchekesha. Asubuhi ingia na mwangaluka mayu, mchana mwadila mayu, ukipewa kitu sema wabeja. Mwombe akufundishe kupika hayo matobolwa na maziwa au na karanga, vile anavyopenda yeye. Mama mkwe akishakuwa mwalimu wako hakuna wifi wa kukucheka mbele yake. Na usiache kwenda, ukikaa kimya siku nyingi ndo wanaanza kusema unaringa.

Narudi kwa wale wamama na Jumatatu yao.

Kausha damu sio jina la mkopo kwenye karatasi yoyote, ni jina ambalo watu waliokopa walilitoa wenyewe mtaani kwa sababu ya walivyobaki, wengine wanaiita mikopo umiza. Mtu akikwambia ni kausha damu ila yetu sio ile mbaya, hajakwambia riba, hajakwambia ada, hajakwambia nani mkopeshaji. Hivyo ndo vya kuuliza. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 mtu anayefanya biashara ya kukopesha lazima awe na leseni ya Benki Kuu, na riba yake imewekewa mwisho, asilimia 3.5 kwa mwezi. Na wasio na leseni wapo wengi, mwaka 2024 Benki Kuu yenyewe ilitaja majukwaa na programu 69 za kukopesha kwa simu zilizokuwa zinafanya kazi bila kibali.

Mtego wenyewe uko kwenye wiki. Hawakutajii riba ya mwezi, wanakutajia rejesho. Mathalani unapewa laki mbili, unaambiwa rejesha elfu thelathini kila wiki kwa wiki nane. Elfu thelathini inaonekana ndogo, unasema nauza dagaa siku mbili naipata. Zidisha. Mara nane ni 240,000. Umelipa elfu arobaini ya juu ndani ya miezi miwili. Kwa ile asilimia 3.5, hata ukiihesabu kwenye laki mbili yote mwezi wa kwanza na wa pili bila kupunguza ulichokwisha lipa, ni elfu saba kwa mwezi, elfu kumi na nne kwa miwili. Ile tofauti ndo damu. Na bado sijaweka hela ya fomu wanayokata kabla hujashika noti, wala faini ya kuchelewa siku moja.

Halafu kuna jambo la kazi yako yenyewe. Hela ya dagaa inakuja na giza na mbalamwezi, na mzigo wa Korogwe unakaa njiani, unauzwa taratibu, dada anatuma baadaye. Rejesho halijui hayo, wiki ya kwanza tu Jumatatu wanakaa chini ya mti na daftari wanasubiri. Utalipa kwa mtaji wenyewe kabla haujazaa, na mtaji ukishakatika ndo watu wanakimbilia mkopo wa pili kulipa wa kwanza. Wengi waliofika kubaya walianzia hapo hapo.

Na mdhamini, mwanangu, hilo neno lina deni zima ndani yake. Ni kukubali kwamba mwenzako asipolipa unalipa wewe, kisheria mdhamini anadaiwa sawa na aliyekopa. Kwenye vikundi mmoja akizima simu akapanda meli, waliobaki wanachangishwa, asiye na hela anachukuliwa godoro, jiko la gesi, redio. Urafiki wa miaka sokoni unavunjika kwa jina lililoandikwa kwa dakika moja. Usimdhamini mtu ambaye hujui nyumbani kwake wala hujui anadaiwa wapi kwingine.

Jumatatu usisaini. Waambie kwa heshima, dada zangu mimi naomba karatasi niende nayo nyumbani nikaisome na baba watoto. Mkopeshaji wa kweli anakupa nakala. Iangalie leseni ina jina lile lile la anayekopesha, uliza jumla utakayorudisha kwa shilingi, waandike. Wakisema karatasi haitoki, basi na wewe jina lako halitoki.

Ukitaka kubaki nao karibu, na nakushauri ubaki nao maana hao ndo watu wako pale, wape wazo lingine. Mnaweza kuanza na mchezo wa kupeana kila wiki kwa kiasi ambacho hata mbalamwezi mnakimudu, hela yenu wenyewe, haina riba. Na mkishajuana vizuri, kuna ile mikopo ya halmashauri, asilimia 10 ya mapato yake ya ndani inatengwa, 4 ya wanawake, 4 ya vijana, 2 ya watu wenye ulemavu, haina riba kabisa. Inatolewa kwa vikundi vilivyosajiliwa, kwa hiyo ofisini mtatakiwa mwende kama kikundi na mjaze fomu na msubiri, sio hela ya kesho. Ulizeni kwa afisa maendeleo ya jamii kwenye ofisi ya kata yenu hapo Ilemela wanataka vitu gani safari hii, na akitaja neno ambalo hamjalielewa, wewe ndo uwe wa kwanza kunyoosha mkono.